Nyufa za Nyumba

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Lusu)



Katibu alipotuandikia kutaka tuseme neno katika mkutano huu, alituachia hiari ya kuchagua. Tungaliweza kusema habari za mishahara, ambazo hazikosi wasikilizaji. Tumechagua nyufa za nyumba. Katibu aliposikia alicheka, akidhani twafanya mzaha. Kisha akakumbuka yaliyompata mwenzetu mmoja, ambayo wengi mlioketi hapa mwayajua, akaacha kucheka. Mwenzetu huyo ametupa ruhusa tuyaseme, kwa sharti tusimtaje jina, wala tusifiche sehemu yetu katika makosa. Masharti yote mawili tutayashika.

Karani wa serikali ni mtu wa ajabu katika habari ya nyumba. Miaka thelathini hukaa katika nyumba zisizo zake. Leo yuko Nzega, kesho ahamishiwa Bukoba, kesho kutwa Kigoma, na kila aendako hupewa nyumba ya kazini au hupanga vyumba viwili. Bati likivuja, huandika barua. Mlango ukikataa kufunga, huandika barua ya pili kukumbusha ile ya kwanza. Kwa hiyo hapati nafasi ya kujifunza jinsi nyumba inavyougua. Halafu siku apatapo kiinua mgongo ndipo anunuapo nyumba, mara moja tu katika maisha yake, kwa fedha zake zote, na macho ya kuitazama hana. Wafugaji wa nchi hii wakinunua ng'ombe humfungua kinywa wakatazama meno. Sisi twanunua nyumba kwa kutazama rangi.

Mwenzetu alipostaafu alitaka kukaa hapa Lusu, karibu na jamaa zake. Akaonyeshwa nyumba mbili. Akatuita sisi tufuatane naye, kwa kuwa sisi makarani hatukosi kuonekana wajuzi wa kila kitu. Nyumba ya kwanza ilikuwa juu kidogo, penye mawe makubwa, ya matofali ya kuchoma yasiyopakwa kitu nje, na katika ukuta wa mbele palikuwa na ufa mbaya, umetoka pembe ya dirisha kwenda juu mpaka chini ya bati. Tuliingiza penseli ndani yake ikaingia. Nyumba ya pili ilikuwa bondeni, imepigwa lipu ya saruji na kupakwa chokaa, nyeupe kama yai, haina alama hata moja. Bei zao hazikupishana sana. Tukamwambia, nasi twasema haya kwa haya, aikimbie ile ya kwanza, ainunue ile ya pili. Akanunua. Ulikuwa mwezi wa Septemba.

Mwezi wa Machi uliofuata, mlango wa mbele ulikataa kufunga. Akauranda chini. Mwezi wa Septemba mwingine, usiku, akiwa amelala, aliona taa ya jirani yake kupitia pembe ya chumba. Nyumba ile ya kwanza ilinunuliwa na mwashi mmoja mzee. Inasimama mpaka leo, na ufa wake ni ule ule.

Tukaenda kwa mzee huyo, sisi na mwenzetu, kama wanafunzi walioshindwa mtihani. Tukamwamkia, “Mwangaluka, babu,” akatukaribisha kivulini. Hakutucheka. Alituongoza mpaka kwenye ufa wake, akasema, “Tazameni ndani, wanangu, msitazame juu juu.” Ndani ya ufa mlikuwa na chokaa ya zamani, utando wa buibui, na nyumba ya nyigu iliyokauka. Kingo zake zilikuwa za mviringo, zimeshika masizi na vumbi. Akasema, “Chokaa imeingia ndani. Basi siku walipopaka, ufa ulikuwapo tayari, na tangu siku hiyo haukufunguka zaidi, maana chokaa ingekatika. Nyigu naye hajengi penye kuchezacheza. Ufa huu umelala. Ninyi mliukimbia uliolala, mkaenda kulala pamoja na ulio macho.”

Tangu siku hiyo tumejifunza kidogo, kwa kumfuata mzee na kwa kusoma, nasi tunayaleta mbele yenu kama tulivyoyapata.

Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya mwenye nyumba. Mwenye kununua yampasa aiogope kidogo, kwa kuwa muuzaji naye anaijua, akauziba ufa wiki moja kabla hujafika. Ufa ulio wazi ni kama shahidi aliyekubali kusema. Lipu mpya ya ukuta mmoja tu, ilhali kuta nyingine ni za zamani, ni shahidi aliyefichwa. Ukiona ukuta mmoja mweupe kuliko wenzake, uliza kwa nini. Ukiona nyumba nzima nyeupe na mwenyewe anaiuza, uliza mara mbili.

Basi mtu akiingia katika nyumba, kwanza ajue kama ufa uko katika lipu au katika matofali. Lipu iliyokauka upesi katika jua la Oktoba hupasuka kwa vijia vidogo vidogo kama utando, kila upande, visivyo na njia. Hivyo si neno. Chukua kisu, kwangua upande wa ufa mpaka uone tofali. Tofali likiwa zima na kiungo chake kizima, hiyo ni kazi ya mpaka rangi. Muuzaji akikukataza kukwangua mahali padogo kama sarafu, umekwisha kupata jibu.

Ikiwa ufa uko katika matofali, tazama umekwenda njia gani. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa tofali la kuchoma lililounganishwa kwa tope, na tope ni dhaifu kuliko tofali. Kwa hiyo ufa hufuata viungo, hupanda kama ngazi. Ukiona umekata matofali yenyewe katikati, ama nguvu iliyoupasua ni kubwa, ama matofali hayakuiva. Yapo matofali ya namna hiyo mengi, maana yale yaliyokaa pande za nje za tanuru hayapati moto sawasawa na ya katikati. Kuyajua ni rahisi. Gonga mawili pamoja: yaliyoiva hulia kama chuma, yasiyoiva hulia kama kuni mbichi. Au litie moja katika ndoo ya maji, ulale, uamke ulitazame. Likiwa limerudi kuwa tope, ujue kwamba ukuta wote unangoja bati livuje tu.

Kisha tazama ufa ni mpana wapi. Hapa ndipo sisi tulipokuwa vipofu kabisa, nasi twaomba mtuvumilie tukikaa kidogo. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini wasema kwamba pembe za nyumba zimeshuka, au katikati pameinuka, kama mkate unaovunjwa kwa kusukumwa kutoka chini. Ufa mpana chini na mwembamba juu wasema kwamba katikati pameshuka. Ufa wa wima ulio sawa toka sakafu mpaka dari, umenyoka kama uliopigwa kamba, aghalabu ni mahali ambapo chumba cha nyongeza kiliegemezwa kwenye nyumba ya zamani bila mwashi kuacha meno ya kushikana. Ni aibu ya mwashi, lakini nyumba mbili zilizoachana si nyumba inayoanguka. Ufa wa pembetatu juu ya mlango wasema kwamba linta haipo, au ipo na ni mti ulioliwa na mchwa. Gonga mti ule kwa funguo. Na ufa wa ulalo, unaokwenda pamoja na ardhi katikati ya ukuta, ndio tunaoogopa kuliko yote, hasa ukuta ukiwa umefura. Funga jiwe kwenye uzi, uninginize kutoka juu ya ukuta, utazame kama uzi na ukuta vinaafikiana. Kila fundi ana timazi, lakini jiwe na uzi havina bei.

Upana nao una kipimo chake. Waingereza, katika karatasi ya kituo chao cha utafiti wa majenzi ya mwaka 1981, waligawa nyufa kwa namna zinavyotengenezeka. Usiozidi milimita 0.1 ni unywele, hauna neno. Mpaka milimita 1, rangi yatosha. Mpaka milimita 5, huzibwa, na milango huenda ikashika kidogo. Kuanzia 5 hadi 15, mwashi huitwa, na matofali mengine hubadilishwa. Kuanzia 15 hadi 25, vipande vya ukuta hubomolewa, hasa juu ya milango na madirisha. Ukipita 25, nyumba yaweza kuanguka. Kijiti cha kiberiti kina unene wa kama milimita 2, na penseli kama 7. Mkipima ufa wa yule mzee kwa hesabu hiyo, mtaona kwamba ni wa mwashi kuitwa. Lakini wale walioandika karatasi hiyo walionya kwamba upana peke yake hautoshi, tena walikuwa wakisema nyumba zao, si nyumba ya tope. Milimita 3 zinazotembea zinatutisha kuliko milimita 7 zilizolala.

Kwa nini zinatembea? Jibu liko chini ya nyumba. Mtu akisimama juu ya kilima cha mawe cha nchi yetu akashuka kwenda bondeni, hupita udongo baada ya udongo kwa mfuatano ule ule: juu penye mawe ni changarawe na udongo mwekundu, kisha mchanga wa luseni, kisha udongo mgumu wa kijivu unaoitwa ibambasi, kisha mbuga nyeusi. Wazee wa Kinyamwezi na wa Kisukuma walikuwa na jina la kila mmoja kabla mtu yeyote hajaja kuupima. Bwana G. Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani kule Usambara, mwaka 1935 aliupa mfuatano wa namna hii jina la katena, yaani mnyororo, na jina hilo likaenea katika vitabu vya udongo duniani kote. Mnyororo huu kwa mnunuzi wa nyumba una thamani kuliko rangi zote za dukani. Kwenye changarawe nyumba hutulia katika miaka yake ya kwanza, ikapasuka kidogo, ikaacha. Kwenye mbuga haiachi.

Mbuga hunywa maji ikavimba, hukauka ikasinyaa. Kila mtu hapa ameona shamba la mbunga la mwezi wa Oktoba, jinsi mguu wa mbuzi uwezavyo kunaswa katika nyufa zake. Ikiwa nchi yenyewe inapasuka, nyumba iliyo juu yake itakosaje? Mvua zetu, ambazo Tabora hufika kama milimita 900 kwa mwaka, huja karibu zote kati ya Novemba na Aprili, kisha ni ukavu. Wakati wa kiangazi udongo ulio kandokando ya kuta hukauka kwanza, ule ulio chini ya sakafu hubaki na unyevu wake. Pembe hushuka, na nyufa hufunguka juu. Masika ikirudi, kandokando huvimba, na nyufa hujifunga. Nyumba hupumua hivyo kila mwaka.

Sasa mtaelewa yaliyompata mwenzetu. Muuzaji aliziba nyufa kwa saruji mwezi wa Agosti, wakati zilipokuwa wazi. Ikaja mvua, nchi ikavimba, kuta zikataka kurudi mahali pake, zikakuta saruji ngumu imejaa katika njia. Zikasukumana, zikapinda miimo ya mlango, zikafungua nyufa nyingine mahali ambapo hapakuwa na kitu. Hatudhani kwamba muuzaji alikuwa mwizi. Huenda alitaka nyumba ionekane safi tu, kama mtu anyoavyo ndevu siku ya harusi. Lakini fedha za mwenzetu hazikuuliza nia.

Hapa twataka kusema neno moja kwa ajili ya wazee wetu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hata Ujiji ilipita katika nchi hii, na watu waliokaa Tabora katika siku hizo walikaa katika tembe, nyumba za udongo zenye kuta nene na paa la udongo. Tembe ya Kwihara, ambamo Dr. Livingstone alikaa mwaka 1872 mpaka alipoondoka tarehe 25 Agosti kwa safari yake ya mwisho, ilitengenezwa upya na kuwa nyumba ya makumbusho. Kijana aliyetoka shule huzitazama tembe kwa dharau. Sisi tulikuwa hivyo. Walakini tembe ilijengwa na watu waliojua kwamba itapasuka. Ilipakwa udongo ule ule uliojenga ukuta. Ukuta ulipocheza, mpako ulicheza nao, na baada ya mvua ulipakwa tena. Nyumba yetu ya leo, tofali bichi ndani na ganda la saruji nje, ni watu wawili wenye tabia mbili waliofungwa kamba moja. Maji hupenya katika kaufa kadogo, hukaa nyuma ya ganda yasipate pa kutokea, na tofali hulainika gizani, ilhali nje pameng'aa. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole toka chini hata kifuani. Ikilia kama ngoma, imeachana na ukuta.

Mambo mengine tutayapita upesi. Miembe, ambayo imefuata njia ya misafara mpaka nyuani mwetu, ni baraka ya kivuli, lakini kwenye mbuga mti mkubwa ulio karibu na ukuta hunywa maji ya msingi, na upande ule hushuka. Tena usikimbilie kuukata, maana udongo uliozoea kunyonywa utavimba ukiachwa. Kichuguu kilichosawazishwa ili kujenga juu yake ni kigumu upande mmoja na kina mapango upande wa pili. Mashimo ya zamani, ya choo, ya udongo wa matofali, na katika nchi hizi za dhahabu maduara ya wachimbaji wadogo, hufukiwa kwa takataka na kusahauliwa. Waulizeni vikongwe wa jirani, msimuulize muuzaji. Tazameni pia maji ya bafu yanakwenda wapi. Tumeona nyumba nzuri iliyoshuka pembe moja kwa sababu watu kumi walikogea nyuma yake miaka kumi.

Wengi wenu mtauliza habari za baruti. Mgodi wa Golden Pride wa hapa wilayani Nzega ulianza kutoa dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1990, ukafungwa katika miaka ya 2010, na mpaka leo mtu akiuza nyumba yenye ufa huambiwa, “Hiyo ni baruti ya zamani, imekwisha.” Huenda ni kweli, huenda si kweli, na kwa mnunuzi neno hilo ni tamu mno, kwa kuwa linasema sababu imeondoka. Twakubali kwamba mtikisiko wa baruti waweza kupasua ukuta. Idara ya Migodi ya Marekani ilipima jambo hili, ikatoa vipimo vyake mwaka 1980, lakini ilipima katika nyumba za Kimarekani, ambazo hazikuunganishwa kwa tope. Kwa hiyo hatuwezi kuchukua kipimo chao tukamwambia mjane wa kijijini kwamba nyumba yake haikuguswa. Tunachoweza kufanya ni kuutazama ufa. Ikiwa mgodi umefungwa na ufa bado unafunguka, sababu yake haikufungwa pamoja na mgodi.

Na kwa kuwa uhamisho hautuulizi, kumbukeni pia Bukoba. Tarehe 10 Septemba 2016 nchi ilitetemeka huko kwa kipimo cha 5.9, watu wakafa, na nyumba nyingi sana za matofali zikaanguka au kupasuka. Nyumba ambayo pembe zake zimekwisha kuachana haina cha kushikana nacho siku kama hiyo. Kila ukuta husimama peke yake, kisha hulala peke yake. Kwa hiyo ufa wa pembeni, mahali kuta mbili zinapokutana, msiupime kwa penseli tu. Ingizeni uzi mwone kama umetokea upande wa pili.

Sasa, ufa ulio macho hujulikanaje na ule uliolala? Alama za nyigu na chokaa tumekwisha kuzisema. Ufa mpya una kingo kali, na ndani yake tofali lina rangi safi kama lililovunjwa jana. Fungueni na kufunga kila mlango na kila dirisha, mkatazame kwa chini kama ubao umerandwa karibuni. Wekeni gololi sakafuni. Lakini ushahidi ulio bora ni wa kungoja. Chora mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, pima nafasi iliyo kati yake, andika hesabu na tarehe papo hapo ukutani. Au chukua kipande chembamba cha kioo, ukibandike kwa saruji juu ya ufa, ncha moja huku na ncha moja huku. Ukuta ukisogea, kioo huvunjika, na kioo hakijui kusema uongo kwa ajili ya bei. Miezi mitatu haitoshi ikiwa yote ni ya kiangazi. Yafaa kipite mwisho wa ukavu na katikati ya mvua, yaani tangu Oktoba hata Februari.

Tunajua mtakalosema. Muuzaji hatangoja miezi mitano, na fedha za kiinua mgongo zikikaa nyumbani huota miguu, maana kila jamaa ana mgonjwa na kila mpwa ana ada ya shule. Ni kweli, na hata mwenzetu alituambia hivyo siku ile. Basi kuna njia ya kati. Fanyeni mapatano kwa maandishi mbele ya serikali ya kijiji, lipeni sehemu kubwa, mkaandike kwamba sehemu iliyobaki italipwa mwezi wa Mei, vioo vikiwa vizima, na kwamba vikivunjika itakatwa gharama ya mwashi. Sisi tunaandika barua za watu wengine mchana kutwa. Hatushindwi kuandika moja kwa ajili yetu. Muuzaji mwenye nyumba iliyotulia hukubali, kwa manung'uniko. Na muuzaji akikataa katakata, ilhali asema nyumba haina neno, mrudieni mkampe mkono wa kwaheri kwa adabu.

Wala msiikimbie kila nyumba yenye ufa. Hilo ndilo kosa letu la kwanza, nalo ni kubwa sawa na la pili. Ufa uliolala hupunguza bei na haupunguzi nyumba. Yule mzee alinunua yake kwa bei ya chini kuliko tuliyotajiwa sisi, kwa sababu wote waliokuja mbele yake waliuona ufa wakageuka mlangoni. Alituambia hayo akicheka, ndiyo mara yake ya kwanza kucheka siku ile.

Mtapenda kujua mwenzetu amefanya nini. Kuuza hakutaka, alisema hawezi kumpa mtu mwingine alichopewa yeye. Kwa shauri la mzee aliibomoa saruji iliyojazwa ndani ya nyufa, akaziba kwa chokaa na mchanga, ambavyo ni laini. Akahamisha bafu mbali na pembe. Akauondoa mgomba uliokuwa ukinyweshwa chini ya dirisha. Akazungusha nyumba yote ukanda wa changarawe iliyoshindiliwa, upana wa hatua mbili, wenye mteremko wa kutupa maji ya bati mbali, na nje yake mfereji. Fedha alizotumia tunazijua, hatutazitaja hapa. Zilikuwa za kumsomesha mtoto wake wa mwisho, na mtoto huyo kwa sasa yuko nyumbani.

Vioo saba vimebandikwa katika nyumba hiyo tangu Oktoba. Sita vilikuwa vizima jana jioni. Cha chumba cha kulala kilivunjika mwezi wa Novemba, mvua ya pili, na kingine kimewekwa mahali pake siku ile ile. Mwenzetu anawakaribisha wanachama Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, waje wavitazame, na mzee mwashi ameahidi kufika. Uzi, jiwe, na vipande vya vioo vilivyosalia tumemwachia Katibu. Atakayetaka kuazima aandike jina lake katika daftari, na asisahau kuvirudisha.